SOMO: Kumpokea Mgeni Katika Kazi ya Kuandika Maelezo ya Programu Huria



Somo letu la safari hii linahusu maandishi yanayomweleza mtu jinsi ya kutumia programu za kompyuta, na hasa programu huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kumpa mwenzake. Hakuna kampuni moja inayofunga mlango na kukaa na ufunguo.

Pengine ndugu aliye shambani kwenye chai au mkonge atauliza: jambo hili linanihusu nini? Linamhusu sana. Idadi ya wagonjwa wa malaria inayohesabiwa katika zahanati huingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2, inayotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zinaitumia. Iko pia OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo hutunza kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki nyingi, zikiwemo za magharibi mwa Kenya. Zote mbili ni huria. Karani akifuata maelezo yaliyopitwa na wakati, tarakimu huingia mahali pasipo pake, na watu wa wilayani wanaopanga dawa hutazama tarakimu hizo hizo.

Mwaka 2017 GitHub, mahali ambapo programu nyingi huria huhifadhiwa, waliwauliza maelfu ya watu wanaofanya kazi hii. Asilimia 93 walisema wamekutana na maelezo yaliyopungua au yaliyochakaa. Lakini asilimia 60 ya wanaochangia walisema ni mara chache, au hawajapata kamwe, kusaidia kuyaandika. Kila mtu analalamika juu ya barabara mbovu na jembe limeegemezwa ukutani.

Kwa nini iwe hivyo? Uvivu upo, hatukatai, lakini sababu kubwa ni nyingine. Aliyeizoea kazi hayaoni mapengo. Fikiri juu ya fundi aliyekaa na korona miaka 20. Akimwambia kijana, "Washa," hamwambii kwamba kwanza atazame kama mkanda umekaa sawa na kama kuna mtu upande wa pili. Hafichi. Mambo hayo yameingia mikononi mwake, hayamo tena katika maneno yake. Waandishi wa programu ni hivyo hivyo. Wanaandika "fungua mipangilio" bila kusema mipangilio iko wapi, maana wao hawajaitafuta tangu miaka mingi.

Kwa hiyo mkaguzi bora wa maelezo ni mtu aliyefika jana. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha somo. Ukaguzi wake hauna umri mrefu. Baada ya wiki mbili tatu naye atakuwa amezoea, na lile shimo alilojikwaa ataliruka bila kulitazama. Njia rahisi ya kumtumia ni hii: mpe maelezo, mwambie afanye kazi iliyoandikwa, kisha kaa kando na unyamaze. Usimwonyeshe kwa kidole. Kila anaposimama, kila anaporudi nyuma kusoma tena, andika mstari gani. Wenyeji wengi hushindwa na sehemu ya kunyamaza. Wanamsaidia mgeni kwa mdomo, mgeni anafurahi, na maelezo yanabaki mabovu kwa ajili ya mtu wa kesho.

Sasa tutazame mlango wenyewe. Mahali pengi mgeni aliyeona neno moja limekosewa hutakiwa kwanza ajifunze Git, aunde nakala ya kazi nzima, atume ombi la kuingiza mabadiliko, na pengine atie sahihi mkataba. (Mkataba ni vema kuusoma, hata wa herufi moja.) Yote hayo kwa neno moja! Wikipedia ilionyesha tangu 2001 kwamba yatosha kuweka kitufe cha kuhariri katika kila ukurasa. Hata GitHub inamruhusu mtu kurekebisha ukurasa ndani ya kivinjari, na nakala inaundwa yenyewe. Basi kitufe hicho kiwekwe mahali panapoonekana.

Jambo la pili ni kazi za kuanzia. OpenMRS, kwa mfano, huziwekea alama kazi zinazowafaa wageni. Ni desturi nzuri, ila "boresha maelezo" si kazi, ni matamanio. Iandikwe ni ukurasa gani, kosa ni lipi, na aulizwe nani. Na wenyeji wasizinyakue kwa sababu tu ni nyepesi.

La tatu ni jibu. Uchunguzi uliofanywa Mozilla ulionyesha kwamba waliotuma marekebisho ya programu na kujibiwa ndani ya saa 48 walirudi kwa wingi, na waliongoja zaidi ya siku 7 karibu wote walipotea. Ulihusu programu, si maelezo, lakini hatuoni kwa nini anayetuma aya moja awe na subira kuliko anayetuma programu. Koma zisizokaa sawa mwenyeji azirekebishe mwenyewe.

Lakini kurahisisha si kutupa mlango. Oktoba 2020, katika mashindano ya Hacktoberfest, fulana iliahidiwa kwa anayetuma mabadiliko manne. Watu wakajaza maelezo ya wenzao maneno ya bure ili wapate fulana, na wasimamizi wakachoka kufuta. Mwezi huo huo kanuni ikabadilishwa, ikawa ni miradi iliyokubali yenyewe tu inayohesabiwa. Ikiwa kuna cha kutoa, sisi tunaona heri kulipia kazi iliyokamilika. Mpango wa Season of Docs wa Google, ulioanza 2019, ulitoa fedha kwa waandishi wa maelezo.

Kwetu kuna kizuizi kingine, nacho ni lugha. Mwaka 2004 kikundi kilichofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiendi bila kukubaliana maneno: huyu anasema kipanya, yule anasema puku. Mgeni apewe orodha ya maneno yaliyokwisha kukubaliwa siku ile ile anayofika, kabla hajaandika kurasa kumi zitakazofutwa.

Kwa kikundi cha masomo: chagueni ukurasa mmoja wa maelezo ya programu inayotumika ofisini au zahanatini kwenu. Mtafuteni mwenzenu ambaye hajaitumia kabisa, mkae naye nusu saa bila kusema neno, kisha pelekeni orodha ya mistari iliyomkwamisha kwa wale wanaoitunza programu hiyo.