Kutunza Beringi za Rili ya Kuvulia

Maji ya bahari yakikauka ndani ya rili huacha chumvi, nayo chumvi huleta kutu katika gololi za beringi. Kila urejeapo kutoka kuvua, tunakushauri ufanye haya:

1. Kaza breki, kisha osha rili kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu. Maji ya kasi husukuma chumvi ndani.
2. Ikaushe kivulini, na ulegeze breki kabla ya kuihifadhi.
3. Beringi ikikwaruza, ioshe kwa spiriti mbali na moto, iache ikauke, kisha itie tone moja la oili nyepesi. Grisi ni ya meno ya gia.

Kabla ya kuifungua rili mpya, soma masharti ya dhamana, usije ukapoteza haki ya kutengenezewa bure.