"Nina Mawazo": Msamiati wa Dhiki ya Nafsi kwa Wanaume wa Fort Ternan

Fort Ternan ni mji mdogo wa kituo cha reli katika Kaunti ya Kericho, upande ambao nchi ya chai inateremka kuelekea mashamba ya miwa. Kikipsigis ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya sokoni, na mara nyingi ya zahanati na kituo cha polisi, ambako mhudumu huenda ametoka mbali. Hivyo mwanamume aliyeelemewa, akitafuta msaada nje ya boma lake, hulazimika kuieleza dhiki yake kwa lugha ya pili. Makala hii inachunguza maneno ambayo Kiswahili kinampa.

Istilahi rasmi ni "afya ya akili". Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, akili ni werevu na busara, na kumwambia mtu mzima kuwa hana akili ni kumtukana. Anayeshauriwa kutibiwa akili husikia kwamba ameitwa mpumbavu au mwendawazimu. Neno "wazimu" nalo lina mzizi uleule wa "mzimu" na "kuzimu": linampeleka mgonjwa kwa wafu kabla hajafika kwa daktari. "Sonona", kitenzi cha zamani cha kuumia ndani kwa ndani, kimekuwa istilahi nzuri nchini Tanzania, lakini Kenya hakisikiki sana. Hapa "msongo wa mawazo" hubebeshwa uchovu wa siku moja na ugonjwa wa miaka vilevile.

Kauli iliyo hai ni fupi kuliko hizo zote: "Nina mawazo." Mwalimu wa sarufi angeuliza, mawazo gani? Msemaji hakukusudia fikra. Amekiri kwamba halali usingizi, na pengine hataki tena kuamka. Jibu analopewa ni "jikaze", nalo hufunga mazungumzo.

Ukimya huo uliwahi kugeuzwa ushahidi. Daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, akiwa bado hajasomea matibabu ya akili. Katika kitabu chake kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kuwa sonona ni nadra kwa Mwafrika. Alitegemea sana hesabu za waliolazwa. Mtu aliyeleta fujo alipelekwa Mathari. Aliyenyamaza bomani mwake hakuhesabiwa, na kunyamaza kwake kukasomwa kama upungufu wa hisia. Ni vigumu kupata kosa la tafsiri lililo kubwa zaidi ya hilo.

Sheria nayo ilikuwa na sehemu yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua, tarehe 9 Januari 2025, kwamba kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, aliyenusurika akamweleza muuguzi ukweli wote alikuwa pia anakiri kosa. Kusema "ilikuwa ajali" hakukuwa woga tu, kulikuwa kujikinga. Hukumu inaweza kubatilisha kifungu kwa siku moja, lakini mazoea ya kuficha hayafutiki kwa kasi hiyo.

Imebaki "roho". Ibadani, mwanamume ambaye hawezi kusema "ninaumwa" husimama mbele ya watu na kusema "niombeeni", wala hakuna anayemwona dhaifu. Kisarufi ni ombi. Kimaana mara nyingi ni taarifa ya ugonjwa. Mchungaji akiishia kwenye sala, amejibu nusu ya sentensi. Akimngoja mtu huyo nje baada ya ibada na kumwuliza, "Siku hizi unalala vipi?", amemwuliza swali lisilotaja akili wala wazimu, na ambalo mwanamume anaweza kulijibu bila kuvunjiwa heshima.