Piga Video Inayofanana na Kazi Yenu: Vidokezo 8 kwa Kampuni za Njombe na Makambako

Una kiwanda cha chai Njombe, ghala la parachichi Makambako au mashine ya mbao pembeni ya barabara ya Songea? Mnunuzi aliye mbali anataka kuona kazi halisi ikifanywa na watu wanaoijua. Mwonyeshe hiyo.

1. Fuata kitu kimoja tu.
Usijaribu kuonyesha kampuni nzima. Kifuate kiazi tangu kinapong'olewa hadi kinapopakiwa kwenye lori, au jani la chai tangu linapochumwa hadi linapofungwa kwenye pakiti. Safari hiyo tayari ni hadithi, na dakika moja na nusu inaitosha.

2. Panga ratiba kwa jua la huku.
Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huja na baridi na ukungu. Usiukimbie ukungu huo: ukitanda juu ya mashamba ya chai, mtazamaji anajua yuko wapi. Picha za mandhari zipige mapema asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la saa sita hutia vivuli vyeusi machoni, hasa kwa aliyevaa kofia. Muda huo fanya mahojiano barazani.

3. Ilinde kamera na baridi.
Betri huisha chaji haraka kwenye baridi, kwa hiyo za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti. Ukitoka shambani na kuingia chumba chenye joto, kama cha kukaushia chai, lenzi hushika unyevu. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto polepole.

4. Ipe sauti heshima yake.
Makambako ina upepo uliowavutia hata wenye mipango ya kuzalisha umeme, na malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya hayakatiki. Kifunike kipaza sauti kwa manyoya ya kuzuia upepo na ukiweke kama shubiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji. Kisha rekodi sauti za kazi peke yake, nusu dakika kila moja: mashine ya dingdong ikipasua mbao, magunia yakitua, treni ya TAZARA ikipita. Sauti hizo zitaifanya video yenu isifanane na ya mtu mwingine.

5. Ipange kamera ilingane na umeme wetu.
Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Ndani ya kiwanda, tumia fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Ukiacha fremu 30 na shata ya 1/60, baadhi ya taa zitaonekana zikipepesa.

6. Mwache fundi aseme kwa maneno yake.
Usimkaririshe. Msalimie "Kamwene", kaa naye kidogo, kisha uliza swali la kazi: "Mama, unajuaje jani hili limefikia kuchumwa?" Mwombe ajibu kwa sentensi kamili, maana sauti yako itakatwa. Kabla ya yote, mweleze video itaonyeshwa wapi na upate ridhaa yake kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kama analipwa kwa kilo anazochuma, mfidie muda uliomchukulia.

7. Rekebisha kazi kabla ya kurekebisha picha.
Hapa ndipo video nyingi huharibika. Kuwavisha wafanyakazi glovu na buti kwa siku moja ya kamera ni uongo, na mikono isiyozizoea itakuumbua. Wape vifaa hivyo wavitumie kila siku, ndipo upige. Vivyo hivyo kwa viazi: mnunuzi makini akiona gunia la lumbesa lililojazwa kupita kiasi nyuma ya meneja anayezungumzia ubora, habari imeisha. Onyesha mzani, na gunia lisilozidi kilo 100.

8. Omba ruhusa, kisha andaa kwa ajili ya simu.
Droni inahitaji kibali, na pa kuanzia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Stesheni ya treni ina wenyewe, na muziki una mwenyewe pia. Tengeneza nakala ya wima kwa ajili ya status, weka maandishi kwa anayetazama bila sauti, na mteja mtumie WhatsApp kama faili ili ubora usipungue.

Kabla ya kuirusha, waonyeshe kwanza waliomo ndani yake. Mchumaji akisema ndivyo wanavyofanya kazi, irushe. Akikunja uso mahali, rudi shambani ukapige upya kipande hicho.