Majani Tele, Ng'ombe Kakonda: Somo Nililolipata Rweya ya Muleba

Ukisafiri mwezi wa saba kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba utaona jambo linalochanganya. Rweya, yaani yale maeneo ya wazi ya nyasi kati ya kijiji na kijiji, imejaa majani. Sehemu nyingine yanafika magotini. Katikati ya majani hayo wamesimama ng'ombe ambao mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa ndani ya gari. Mgeni atasema wanaumwa. Mwenyeji atakwambia, "Ni kiangazi tu, mvua ikirudi nao watarudi." Lakini swali linabaki palepale: kama majani yapo, mbona wanakonda?

Niungame mapema kwamba mimi niliwahi kulijibu swali hili vibaya, na jibu langu lilimgharimu mtu. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili, kichwa kimejaa nondo za darasani, nikaenda likizo kwa baba mdogo Muleba. Alikuwa na ng'ombe tisa, mmoja wao dume aliyepangwa kuuzwa mwishoni mwa mwezi wa nane ili binti yake aanze chuo cha uuguzi. Nikalitazama lile dume, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Baba, huyu anahitaji nguvu. Mnunulie pumba za mahindi, na maganda ya ndizi yasitupwe tena, yote apewe yeye." Akauza mikungu ya ndizi, akanunua pumba. Wiki saba baadaye dume lilikuwa limekonda kuliko nilivyolikuta. Mnadani ng'ombe wananunuliwa kwa macho, hakuna mizani, na macho ya mchuuzi hayana huruma. Baba mdogo hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, hizo pumba bora ningewapa kuku." Wanachuo wenzangu, sapu ya somo lolote haijawahi kuniuma kama sentensi hiyo.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilifikiri ninamlisha ng'ombe. Ukweli ni kwamba ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kusaga nyuzi za majani makavu. Kazi hiyo inafanywa na bakteria na vijidudu wengine wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza, rumeni. Wao wanayavunjavunja majani, ng'ombe anaishi kwa kile wanachokitengeneza, na mwisho anawameng'enya wao wenyewe kama protini. Sasa vijidudu hawa nao wana njaa yao, na njaa yao ya kwanza ni naitrojeni. Chakula chote cha ng'ombe kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu wanapungua, majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, tumbo linabaki limejaa, na ng'ombe anaacha kula. Anasimama kwenye majani hadi magotini huku ameshiba, na anakonda.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonivua nguo. Chukua ng'ombe wa kilo 250. Kwenye malisho mazuri atakula kama kilo 6 kwa siku, ukiondoa maji yaliyomo kwenye majani. Kiangazi, majani yakiwa na protini asilimia 4, anaweza kushuka hadi kilo 4. Hapo amepata gramu 160 za protini. Mpe kilo 1 ya pumba za mahindi, zenye protini kama asilimia 10: unaongeza gramu 100, jumla 260 ndani ya kilo 5. Hiyo ni asilimia 5 na kidogo. Bado hujavuka mstari. Badala yake mpe kilo 1 ya mashudu ya pamba, tuseme yale yenye maganda na protini asilimia 25. Sasa ana gramu 410 ndani ya kilo 5, zaidi ya asilimia 8. Vijidudu wanaamka, majani yanashuka tumboni, ng'ombe anarudi kula. Hata akipandisha majani hadi kilo 5 bado anabaki kwenye asilimia 7 na nusu. Kilo ile moja imeyafanya yale majani ya bure ya rweya yalike, na hapo ndipo faida ilipo.

Pumba na maganda ya ndizi si vyakula vibaya. Vinatia nishati, lakini nishati ilikuwepo tayari, imefungwa ndani ya majani. Kilichokosekana ni ufunguo. Molasesi nayo iko hivyohivyo. Watu wa kwetu wanaiamini sana kwa sababu kiwanda cha sukari kipo jirani, Missenyi, na kwa sababu ng'ombe anailamba kwa furaha. Ni tamu, inasaidia chakula kikavu kulika, ila protini yake ni ndogo mno. Ukimpa peke yake kiangazi unarudia kosa langu kwa gharama nyingine.

Kwa nini rweya iwe maskini hivi wakati Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka? Mvua yenyewe ni sehemu ya tatizo. Maji mengi kiasi hicho, yakipita kwenye udongo wa mchanga kwa maelfu ya miaka, yanauosha rutuba na kuuacha na tindikali. Nyasi zinazovumilia udongo wa namna hiyo ni ngumu. Mojawapo inaitwa kitaalamu Loudetia kagerensis, imepewa jina la kwetu kabisa, na ng'ombe hawaitamani ikishakomaa. Ndiyo maana watu wanachoma rweya, wapate machipukizi. Machipukizi yana protini kweli, lakini ni ya muda mfupi, na moto ukipita kabla ya kiangazi kirefu unaweza kubaki bila majani wala machipukizi.

Sehemu ya pili ni sisi wenyewe. Kwa karne nyingi Wahaya wamewatuma ng'ombe rweya mchana na kuwarudisha nyumbani jioni, na samadi yao ikaenda kwenye kibanja, kwenye migomba na kahawa. Nyasi za matandazo nazo zilikatwa hukohuko. Kila kilichotoka rweya kilihamia kibanjani na hakikurudi. Sotoka ilipoua ng'ombe wengi Afrika Mashariki miaka ya 1890, hata migomba iliumia, maana aliyekuwa anaibebea rutuba hayupo. Kwa hiyo ukikaa chini ya mgomba mnene Kanyigo au Kamachumu, jua kwamba sehemu ya unene huo ilitolewa kwenye nyasi ambazo ng'ombe leo hazimshibishi.

Madini yana hadithi ileile. Udongo uliooshwa hauna fosforasi ya kutosha, na ng'ombe anakuonyesha hilo bila maabara: anaokota mfupa na kuutafuna. Wengi wanacheka. Usicheke, kwa sababu mfupa wenye mabaki ya mzoga unaweza kumpa sumu ya kupooza akafa. Chumvi ya kawaida peke yake haitoshi hapa. Wazee waliijua thamani ya chumvi kwa mifugo, na ile ya Katwe, Uganda, ilisafiri mbali kwenye nchi hizi za maziwa kabla ya duka la kwanza la pembejeo. Lakini chumvi nyingi haina fosforasi. Unaponunua jiwe la kulamba soma lebo, utafute neno hilo. Likiwa halipo umenunua chumvi ya bei mbaya.

Sasa mashudu. Pamba hailimwi Bukoba. Mashudu yanatoka upande wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu, kwa hiyo yanafika na gharama ya safari. Linganisha bei ya protini, usilinganishe bei ya gunia. Kilo ya mashudu ikiwa mara mbili ya kilo ya pumba, bado mashudu ni rahisi, kwa kuwa protini yake ni zaidi ya mara mbili. Ikifika mara tatu, rudi kibanjani ukaangalie ulichonacho. Marando ya viazi vitamu ni protini nzuri kabisa na wengi tunayaacha yaoze shambani. Majani ya miti ya malisho pia: kilo 3 hadi 4 mbichi zinakaribia kazi ya kilo 1 ya mashudu. Vitabu vingi vitakwambia panda lukina. Kwenye udongo wenye tindikali lukina inadumaa, na ikizidi theluthi ya chakula chote inaweza kumdhuru mnyama. Kaliandra inavumilia zaidi. Ipande mpakani na kwenye kingo, umpe ng'ombe ikiwa mbichi, maana ikinyauka inameng'enyeka vibaya.

Migomba yenyewe? Shina lake ni maji, zaidi ya asilimia 90. Linasaidia kukata kiu kuliko kushibisha. Na kuna hatari moja ambayo Muleba tunaijua vizuri: mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa nchini mwaka 2006 hapohapo wilayani kwetu. Usikate shina la mgomba unaougua ukalibeba kwenda kwa ng'ombe wa shamba lingine, na panga lililokata mgonjwa lipitishe motoni kabla halijagusa mzima. Utanenepesha dume mmoja na kuua kibanja cha jirani.

Kuhusu urea, najua kuna mtu wa mwaka wa tatu anasoma huku anatikisa kichwa kwamba nimeikwepa njia rahisi. Ni kweli urea ya mbolea ina naitrojeni asilimia 46 na vijidudu wa rumeni wanaweza kuitumia. Ni kweli pia kwamba inaua. Isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu, ichanganywe sawasawa, izoeshwe taratibu kwa wiki mbili au tatu, ndama asipewe kabisa, na isiachwe mahali ambapo mvua itaiyeyusha na ng'ombe akanywa maji yake. Akizidiwa, atatetemeka, tumbo litajaa gesi, na muda wako ni mfupi: siki lita kadhaa na maji mengi ya baridi, huku unamwita daktari wa mifugo. Mimi kwa baba mdogo sikuipeleka. Kosa moja linatosha.

Mwaka uliofuata nilirudi, mpole kidogo. Tulianza mwezi wa sita, kabla ya mbavu kuonekana, kwa sababu kumzuia ng'ombe asikonde ni rahisi kuliko kumrudisha. Tuligawa kundi pia. Wawili wazee waliuzwa mwezi wa tano wakiwa bado na nyama ya masika, na kwa mfugaji asiye na hela ya mashudu hiyo ndiyo lishe bora kuliko zote: uza kabla ya njaa. Hela yao ndiyo iliyonunua mashudu. Dume mmoja na mitamba miwili wakapata kilo moja moja jioni, marando asubuhi yalipopatikana, na jiwe lenye fosforasi. Waliobaki walipata jiwe tu. Kila Jumapili nilimpima dume kifua kwa utepe. Hakunenepa. Namba ya mwezi wa sita na ya mwisho wa mwezi wa nane zilikuwa karibu sawa, na kiangazi hayo ni matokeo ninayoweza kuyatetea mbele ya mhadhiri yeyote.

Mchuuzi alipokuja alilizunguka mara mbili, akalibonyeza mgongoni, akauliza, "Huyu mmemtoa wapi?" Baba mdogo akamjibu kwamba ametoka hapohapo rweya, kisha akataja bei yake na kukaa kimya.

Jioni, tunakunywa chai, akanyoosha mkono kuuomba ule utepe. Akasema hata mitamba ataendelea kuipima mwenyewe, mimi nirudi chuoni nikasome.