MAFUNZO KWA MADEREVA: SHOKAPU YA USUKANI, JINSI YA KUICHAGUA NA KUIFUNGA

Wasomaji wetu wengi wa Malindi na Kilifi ni madereva, utingo, mafundi, au wenye magari ya kuchukulia mizigo. Juma hili twapenda kuwaeleza habari za chombo kidogo kilicho chini ya gari, ambacho watu wengi hukikumbuka pale tu usukani unapoanza kuwashinda.

Dereva atoka Bamba kuja Kilifi na magunia ya mahindi, au atoka Magarini kuja Malindi na maembe. Gurudumu moja laingia shimoni, na mara usukani wamtetemeka mikononi kana kwamba mtu mwingine ameushika. Magurudumu ya mbele yacheza kulia na kushoto upesi upesi, wala hayatulii mpaka gari likaribie kusimama. Dereva aenda gereji, naye aambiwa, “Badili shokapu ya usukani.” Ainunua, yafungwa, na mtikiso wakoma. Lakini baada ya miezi michache mtikiso warudi, tena mkali kuliko wa kwanza.

Kwa nini ikawa hivyo? Tukilijibu swali hili sawasawa, tutaokoa fedha, na huenda tukaokoa roho za watu waliopanda nyuma ya gari.

KAZI YAKE

Shokapu ya usukani ni mrija wa chuma wenye mafuta ndani. Katika mafuta hayo mna pistoni yenye matundu madogo, nayo imeshikwa na fimbo ya chuma itokayo nje. Upande mmoja wa chombo hufungwa kwenye chesisi au kwenye ekseli. Upande wa pili hufungwa kwenye vyuma vya usukani, kwa kawaida kwenye kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, ambacho mafundi hukiita tairodi.

Dereva akikata kona polepole, mafuta hupita katika matundu bila taabu, na mkono wake hausikii uzito. Lakini gurudumu likipigwa na jiwe kwa ghafula, mafuta hayawezi kupita upesi hivyo. Hukataa, na pigo hilo hupungua kabla ya kuufikia usukani. Ni kama mtu aliyesimama majini: akitembea taratibu maji humpisha, lakini akitaka kukimbia maji humzuia.

Chombo hiki huonekana hasa katika magari yenye ekseli moja nzima ya mbele, mfano wa Land Rover za Defender na Toyota Land Cruiser za namba 70, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1984 na zimeenea sana katika nchi yetu. Katika magari ya namna hii pigo la gurudumu moja hulifikia na la pili, maana yote mawili yameshikwa na chuma kimoja. Lakini si kila lori lina shokapu ya usukani. Ikiwa gari lako halikutengenezwa nayo, usikubali fundi alichomelee breketi ili kuponya mtikiso, bali mwambie autafute ugonjwa wenyewe.

TAFUTA UGONJWA KWANZA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Usukani ulio mzima haupaswi kutetemeka barabarani, hata kama shokapu imechoka. Basi mtikiso mkali ukitokea, mara nyingi kuna kitu kingine kilicholegea, na shokapu mpya hukificha tu. Huko nyuma kile kilicholegea huendelea kulika, mpaka siku moja kikatike. Wazee wetu walisema, “Mficha maradhi, kifo humfichua.”

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya uchunguzi huu:

1. Tazama matairi. Upepo uwe wa kadiri iliyoandikwa na watengenezaji, sawa pande zote mbili. Tairi lililolika upande mmoja, au gurudumu lisilo na balansi, laweza kuanzisha mtikiso. Udongo uliokauka ndani ya rimu baada ya mvua huweza pia, nao huondolewa kwa maji tu.

2. Mwambie mwenzako akae kwenye kiti cha dereva, atikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, magurudumu yakiwa chini. Wewe tazama kila kiungo, kimoja kimoja. Chuma kimoja kikienda kabla mwenziwe hajaenda, kiungo hicho kimekwisha.

3. Inua ekseli ya mbele kwa jeki na uiweke juu ya vigingi imara vya chuma. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, zichunguze beringi za gurudumu na kingpini. Kisha lishike kushoto na kulia. Likicheza, angalia ncha za tairodi.

4. Angalia bolti zinazoshika sanduku la usukani kwenye chesisi, na bushi za mpira za vyuma vinavyoshika ekseli. Katika Land Cruiser za kazi zilizotoka tangu mwaka 1999, zenye springi za mviringo mbele, usiache kuitazama bushi ya kile chuma kinachoizuia ekseli isiende upande.

Yote yakiwa mazima, ndipo uitazame shokapu.

KUIPIMA ILE YA ZAMANI

Unyevu kidogo wa mafuta kwenye fimbo si neno kubwa, lakini mafuta yanayodondoka ni dalili ya kwamba kizibo kimekufa. Tazama kama fimbo imepinda, au imeota kutu. Hapa pwani hewa ya chumvi hula chuma upesi, na magari yafanyayo kazi karibu na viwanda vya chumvi vya Gongoni, au yapitayo mchangani karibu na maji, huumia zaidi. Fimbo yenye kutu hukikwaruza kizibo kila inapoingia na kutoka, hata mafuta yote yaishe.

Kisha ifungue, uivute na kuisukuma kwa mikono, ukiilaza kama inavyolala garini. Shokapu nzima hukataa kwa nguvu iliyo sawa, mwendo wote, kwenda na kurudi. Ikienda bure mahali fulani kisha ikashika, mafuta yamepungua. Ikikwama, imepinda.

KUCHAGUA MPYA

Mambo matano ni ya kuangaliwa dukani.

Kwanza, urefu. Kata usukani kabisa upande mmoja, upime kutoka kiungo hadi kiungo. Kisha ukate upande wa pili na upime tena. Mathalan umepata sentimita 48 na sentimita 30. Shokapu mpya sharti iweze kuvutika kupita 48, na kuingia chini ya 30, ibakize walau sentimita 1 kila upande. Ikiwa fupi, yenyewe ndiyo itakayozuia magurudumu yasikate kona yote, na siku moja itakatika au itang’oa breketi.

Pili, vichwa vyake. Vingine vina jicho lenye bushi, vingine vina pini yenye nati. Vifanane na vya zamani. Usikubali kulazimishiwa kwa nyundo au kwa kuchomelea.

Tatu, iwe imetengenezwa kwa kazi ya usukani. Baadhi ya watu huchukua shokapu ya springi na kuilaza. Hili ni kosa. Nyingi za namna hiyo zimetengenezwa zisimame. Zikilazwa huvuta hewa badala ya mafuta. Tena, kwa kawaida huwa ngumu zaidi zinapovutwa kuliko zinaposukumwa, hali usukani wataka nguvu moja pande zote mbili.

Nne, mafuta au gesi. Shokapu yenye gesi ya nguvu husukuma fimbo yake nje nyakati zote, kwa hiyo huweza kulivuta gari upande mmoja. Ukiiachia na ikajifungua yenyewe, ujue ina gesi. Kwa kazi nyingi yenye mafuta matupu yatosha.

Tano, usitamani iliyo ngumu kupita zote. Ugumu ukizidi, usukani huwa mzito na hukawia kurudi katikati baada ya kona. Bora ni ile iliyokadiriwa kwa gari lako, yenye rangi nzuri ya kuzuia kutu, na mfuniko wa kukinga fimbo na mchanga.

KUIFUNGA

Jioni kabla ya kazi, sugua nati kwa brashi ya waya uondoe chumvi na kutu, kisha uzitie mafuta ya kulegeza. Zikilala usiku kucha, asubuhi zitafunguka bila ugomvi.

Simamisha gari mahali pagumu palipo sawa, si mchangani. Weka magurudumu ya mbele yatazame mbele sawasawa. Vuta breki ya mkono na uweke magogo nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Ikiwa hapana budi kuliinua gari, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Kinachomlinda mtu ni vigingi.

Legeza nati, lakini iache imeshika nyuzi chache. Ikiwa pini imeng’ang’ania, piga jicho lililoishika kwa nyundo kutoka ubavuni, au tumia chombo cha kuvutia. Usipige ncha ya pini. Ukiitoa, panga washa na bushi chini kwa utaratibu ule ule zilivyotoka, ili usisahau.

Shika shokapu mpya, uivute na kuisukuma polepole mara tano au sita ili hewa itoke. Igeuze vile vile ilivyokuwa ile ya zamani. Tia bushi mpya na washa kwa utaratibu wake. Kaza nati kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Mpira ukibanwa hata ukafura nje kama uyoga, umezidisha. Pini ya kupasuka ikiwapo, tia mpya, kwa kuwa ya zamani ikikunjwa mara ya pili huvunjika.

KUIJARIBU

Washa mtambo. Mwenzako akate usukani polepole mwisho hadi mwisho, nawe utazame kutoka ubavuni, mikono mbali. Shokapu isiguse tairi, springi, wala mpira wa breki, na isifike mwisho wake kabla magurudumu hayajafika mwisho wao. Kisha endesha taratibu mahali pasipo watu, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Baada ya siku chache, kaza nati tena.

Yafaa kukumbuka ya kwamba zamani magari ya njia hii yalikivuka kijito cha Kilifi kwa kivuko, na safari ilikuwa ya taratibu. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991, na lami kuwa nzuri, mwendo umeongezeka. Ulegevu ambao mtu hausikii akienda kilomita 30 kwa saa, waweza kumtoa barabarani akienda 80. Mtikiso ukitokea njiani, usipige breki kwa ghafula. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, liache gari lipunguze mwendo, kisha usimame kando. Usiendelee na safari mpaka ujue sababu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini shokapu mpya yaweza kuuficha ugonjwa wa usukani?
2. Shokapu iliyo fupi huleta hatari gani gari likikata kona?
3. Kwa nini shokapu ya springi haifai kulazwa na kufanya kazi ya usukani?
4. Taja mambo mawili ya kutazama kabla ya kuliendesha gari baada ya kufunga shokapu mpya.

Msomaji asiyeweza kujibu swali la kwanza na airudie sehemu ya “Tafuta Ugonjwa Kwanza” kabla hajaenda dukani.