Kishikizo cha Mjapani na Mtete wa Mmakonde

Zamani wanaume wa Japani walivaa kimono, yaani vazi refu lisilo na mifuko. Basi mtu aliyetaka kuchukua tumbako au dawa aliitia katika kijaluba, akakifunga kwa kamba, na kamba akaipitisha chini ya mshipi wake. Ili isiponyoke, ncha ya juu ilifungwa kishikizo kidogo chenye matundu mawili. Kishikizo hicho huitwa netsuke.

Netsuke yaweza kufumbatwa kiganjani. Mafundi walizichonga kwa mti mgumu au pembe ya ndovu, kwa mfano wa panya, kobe au mzee anayecheka. Hazikuachiwa ncha kali, zisije zikararua nguo. Tena zilichongwa pande zote, hata upande wa chini usioonekana na watu.

Baada ya mwaka 1868 Wajapani walianza kuvaa nguo za Kizungu, zenye mifuko. Vishikizo vikakosa kazi. Wageni wa Ulaya na Marekani wakavinunua kwa wingi, na leo vingi vimehifadhiwa katika makumbusho ya nchi zao.

Wala jambo hili si la Japani peke yake. Wamakonde nao walikuwa na mtete, yaani kijaluba cha kutilia ugoro, dawa au baruti. Na pengine kizibo chake kilichongwa kwa mfano wa kichwa cha mtu. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, alifika Newala, akakusanya vyombo vya watu wa kusini kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Mjukuu wa fundi akitaka kuvitazama leo, imempasa kuvuka bahari.

Hata hivyo ufundi wenyewe haukufa. Ukitoka Tegeta kwenda mjini utapita Mwenge, ambako wachongaji huchonga mpingo mbele ya macho yako. Tazama mikono yao, wala usitazame bei tu. Na nyumbani ukiona kitu cha zamani kilichochongwa, kabla hakijatupwa, waulize wazee kilifanya kazi gani. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Maswali
1. Kwa nini Wajapani walihitaji vishikizo?
2. Vishikizo na mitete vimefanana katika mambo gani?
3. Taja kitu kimoja cha zamani kilichomo kwenu, ueleze kazi yake.