Paka wanaokuja bustanini

Swali: Daktari, paka wawili wasio na wenyewe huja bustanini kwetu kila jioni. Nikiwasogelea, wanakimbia. Niwasaidieje?

Jibu: Usiwasogelee, waache waje wenyewe. Weka dagaa waliochemshwa bila chumvi, na maji safi, mahali palepale, saa ileile, kisha chuchumaa mbali kidogo bila kuwakazia macho. Maziwa usiwape; huwaharisha paka wengi wakubwa. Na hata wakiugua, Panadol kamwe: inaua paka.

Jambo kubwa ni kuwafunga uzazi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na huibeba kwa siku 65 hivi, kwa hiyo mwone daktari wa mifugo mapema. Wapate pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.